Mkono wa Kushoto wa Ukuta

Hadi kufika asubuhi ya siku ya tisa, nchi nzima ilikuwa imeshamjua muuaji, isipokuwa polisi.

Muuaji, kwa mujibu wa simu za watu, alikuwa mfamasia mwembamba mwenye miwani, mume wa binti pekee wa mzee aliyepotea. Na huyo mzee hakuwa wa hivi hivi. Alikuwa Ukuta, golikipa aliyesimama langoni mwa timu ya taifa kwa miaka kumi na minne. Picha yake ya ujanani, masharubu mazito na jezi ya njano, ilikuwa ingali imebandikwa kwenye kuta za vinyozi na gereji. Jumanne ya juma lililopita alitoka nyumbani kwa binti yake saa moja na nusu asubuhi, amevaa koti lake la kahawia, akaaga kwamba anakwenda kunyoosha miguu. Alikuwa na miaka sabini na moja, na kwa miaka miwili kumbukumbu zake zilikuwa zikivuja kama debe bovu. Hakurudi.

Faili lake alipewa inspekta mmoja mwanamke ambaye wenzake walimwita Taratibu. Walimpa jina hilo kwa kumcheka, yeye akalivaa kama vazi lililomkaa. Hakuwa mtu wa kuinua sauti wala kukimbia kwenye korido. Lakini katika miaka kumi na tisa ya upelelezi, hakuna hata mmoja aliyempeleka mahakamani ambaye baadaye ilibidi aombwe radhi.

Asubuhi hiyo alikuta mafungu manne ya karatasi mezani. Sajini wa masjala, mzee aliyebakiza miezi mitano astaafu, alikuwa amesimama kando yake kama muuza duka.

"Vidokezo elfu nne mia moja na kumi na viwili, afande," alisema. "Hawa wamemwona ndotoni. Hawa wamemwona nchi tatu tofauti, saa ileile moja. Hawa wanasema ni mkwe wake."

"Na fungu la nne?"

"Hilo ni mtu mmoja tu. Anauliza kama tunauza lile gari bovu lililoko uani."

Taratibu alivuta fungu la tatu, lililokuwa nene kuliko yote. Chanzo chake kilikuwa kimoja: video ya sekunde kumi na tisa kutoka kamera ya kituo cha mafuta, iliyorekodiwa Jumanne hiyo saa kumi na moja jioni. Mtu mwenye koti la kahawia na kofia iliyoshushwa hadi masikioni anaonekana kwa nyuma, ameshika kitu kirefu, anaingia kwenye gari jeupe lililobonyea mlango wa nyuma. Binti alipoonyeshwa alilia papo hapo: koti lilikuwa la baba yake. Siku ya pili video ikavuja. Ikadakwa na bwana mmoja aliyejiita Jicho la Tai, ambaye kila alasiri alizungumza na watu laki tatu kutoka sebuleni kwake. Jicho la Tai aliizungushia video duara jekundu. Mfamasia naye ana gari jeupe, alisema. Nalo limebonyea. Na kile kitu kirefu, wapenzi watazamaji, kama si koleo la kuchimbia kaburi, ni nini?

Mkuu wa kituo aliingia bila kubisha.

"Jana wamevunja kioo cha duka lake la dawa," alisema. "Leo watamvunja yeye. Saa kumi namkamata."

"Kwa kosa gani, afande?"

"Kwa usalama wake."

"Akiingia humu kwa usalama wake, atatoka na jina gani?"

Mkuu alitazama dirishani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye simu yake haikuwa imenyamaza kwa siku tisa.

"Una hadi saa kumi, Taratibu. Na leo nakuomba, usiwe taratibu."

Alipotoka, Sajini alikohoa kidogo. "Kuna mama pale mapokezi. Alikuja juzi, akaja na jana. Wakamwambia aandike kwenye daftari la wageni, akaandika. Leo amekuja na daftari lake mwenyewe."

"Mlete."

Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kiasi, futi ya kupimia ingali shingoni kana kwamba alisahau kuivua, pini tatu zimechomekwa ukosini. Alikaa, akaweka daftari jeusi mapajani, akalifunika kwa viganja.

"Mimi ni fundi cherehani," alisema. "Yule mtu wa kwenye video si Ukuta."

"Unamfahamu Ukuta, mama?"

"Namshonea mwaka wa ishirini na sita huu. Sura yake naweza nikapishana nayo njiani nisiitambue. Mabega yake nayajua."

"Binti yake mwenyewe ametuambia koti ni lake."

"Hajakosea. Koti ni lake, nililishona mimi. Ila aliyelivaa siye."

Taratibu aliweka kalamu chini. Fundi alifungua daftari kwenye ukurasa alioukunja pembe. Vipimo viliandikwa kwa penseli, vingine vimefifia, vingine vimekolezwa upya kadiri mteja alivyonenepa na kukonda.

"Soma hapa. Mkono wa kulia, inchi ishirini na nne na nusu. Wa kushoto, ishirini na mbili. Alivunjika kiwiko kwenye mechi yake ya mwisho. Wakamtia vyuma, ukapona mfupi, na hadi leo haunyooki. Ndiyo maana nguo za dukani hazimkai. Mimi namkatia mkono mmoja mfupi, mmoja mrefu, ili akivaa watu waone iko sawa. Hiyo ndiyo kazi yangu kwake." Alitoa simu yake yenye ufa, akaisimamisha video. "Sasa mtazame huyu. Kulia, koti limefika kwenye kifundo. Kushoto limeishia vidole vinne juu. Huyu ana mikono miwili iliyo sawa, ndani ya koti la mtu asiye nayo."

Sajini alikuwa ameinama juu ya bega la Taratibu hadi pumzi yake ikasikika.

"Uliwahi kuyasema haya mtandaoni?"

"Niliyaandika kwa huyo Jicho la Tai. Mmoja akanijibu nirudi kwenye cherehani yangu. Nikarudi, nikamaliza sare za watu. Kisha nikapanda basi nikaja huku."

"Mara tatu."

"Basi ni saa mbili tu, mwanangu. Mtu anapotea mara moja."

Taratibu alifungua rekodi halisi kwenye kompyuta, ile nzima, si kipande kilichozunguka kwenye simu. Yeye mwenyewe alikuwa ameitazama mara arobaini, na mara zote arobaini alikuwa akitafuta namba ya gari. Safari hii aliufuata mkono. Kwenye sekunde ya kumi na nne, pale ambapo kipande cha mtandaoni kilikuwa kimekatwa ili kukuza mlango uliobonyea, mtu yule aliinua kile kitu kirefu kukiweka juu ya gari. Alikiinua kwa mkono wa kushoto. Mkono ulinyooka wima kama mlingoti.

Alimpigia binti wa Ukuta.

"Dada, samahani. Mkono wa kushoto wa baba unanyooka?"

"Haujawahi kunyooka tangu mimi sijazaliwa. Kwani hamjui?"

"Hukutuambia."

"Mliniuliza alama, nikawaambia ana kovu." Sauti ilianza kupasuka. "Ule mkono si alama, afande. Ule ni mkono wa baba."

Taratibu alipoweka simu chini, Sajini alikuwa bado anakodolea kioo.

"Na hilo si koleo," alisema. "Koleo lina kichwa bapa. Hiki ni kitu mviringo mwishoni mwa mti. Afande, nimepaka nyumba yangu ya kustaafia mwezi mzima, mgongo ungali unauma. Hiyo ni rola ya rangi."

"Mzee, tangu lini unaiona?"

"Tangu leo. Mwanzoni niliambiwa ni koleo, nami nikaona koleo."

Taratibu alimwomba fundi asubiri kwenye benchi, akaondoka kwa miguu. Kituo cha mafuta kilikuwa dakika kumi na mbili kutoka pale. Hakuingia kituoni, alizunguka mitaa iliyopakana nacho, akitazama kuta. Mtaa wa tatu alikuta shule ya chekechea yenye ukuta wa bluu mpya, ungali unanuka. Mwalimu mkuu alimpa namba ya msimamizi wa mafundi. Msimamizi alikuwa na gari jeupe. Lilikuwa limebonyea mlango wa nyuma, na alipoulizwa tangu lini, alilaumu mbuzi.

"Jumanne ile jioni ulimbeba nani pale kwenye mafuta?"

"Mpaka rangi wangu. Alikuwa mgonjwa siku nzima, nikasema nimfikishe kwake. Kwani kafanya nini?"

Walimkuta kwenye jengo lingine, juu ya ngazi, saa sita mchana. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mwenye madoa ya bluu hadi kwenye nyusi. Alipoona kitambulisho aliteremka polepole, ngazi moja moja, akasimama mbele ya Taratibu.

"Limo ndani ya ndoo," alisema kabla hajaulizwa. "Sijalichana, sijaliuza."

Koti lilikuwa limekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya ndoo tupu ya rangi. Taratibu aliitazama mikono ya koti. Kushoto, mfupi. Kulia, mrefu.

"Alikupa nani?"

"Mwenyewe. Ilikuwa saa mbili asubuhi, pale reli inapokatiza barabara. Nimekaa chini natetemeka kwa homa, nawaza niende kazini au nirudi. Mzee mmoja akaja akanisimamia. Akaniuliza, 'Wewe ni wa akiba?' Sikumwelewa. Nikasema ndiyo. Akavua koti, akanivisha, akanifunga vifungo vyote mpaka shingoni. Akasema, 'Kaa na joto. Nikiumia utaingia wewe.'"

Mpaka rangi alifuta uso kwa kiwiko, akajiongezea bluu.

"Kisha?"

"Kisha akavuka reli, akashika barabara ya machimbo ya kokoto. Alikuwa anatembea kama mtu anayesubiriwa. Ana shati jembamba tu, na asubuhi ile kulikuwa na upepo."

"Siku tisa, ndugu yangu. Kwa nini hukuja?"

"Nilitaka kuja. Mwenzangu akanionyesha simu. Watu laki tatu wanasema aliyevaa koti hili ameuawa. Aliyelivaa ni mimi! Nikajiuliza, nikienda kuwaambia mimi ni mzima, watafurahi, au watasema nimemvua maiti?"

Taratibu alikunja upya mdomo wa mfuko. Kioo cha mfamasia kilikuwa kimevunjwa kwa ushahidi mdogo kuliko huo.

"Utaandika maelezo yako kwa Sajini," alisema, "kisha utarudi kwenye ngazi yako. Hukumvua mtu. Ulivishwa."

Njiani kurudi, aliyapanga mambo kichwani kama alivyozoea, moja baada ya moja. Ukuta alivuka reli saa mbili asubuhi. Lakini tangazo lililosambazwa hospitali zote, vituo vyote, magazeti yote, lilisema ameonekana mara ya mwisho saa kumi na moja jioni kwenye kituo cha mafuta, amevaa koti la kahawia. Kama kuna mahali alipokelewa mzee asiye na koti kati ya saa hizo mbili, tangazo lenyewe liliwaambia: huyu siye. Kwa siku nane polisi walikuwa wamefunga mlango ambao yeye angeweza kuingilia.

Na chini ya tangazo hilo kulikuwa na sahihi moja, ya Taratibu. Aliingia ofisini, akalibandua ukutani, akaandika pembeni kwa wino mwekundu: kosa langu. Kisha akavuta simu.

Alikuwa na orodha ya hospitali zote zilizo upande wa pili wa reli. Kila palipopokelewa, alisema maneno yale yale: "Lisahauni koti. Isahauni picha. Nitafutieni kiwiko cha kushoto kisichonyooka, chenye vyuma vya zamani."

Ya kwanza, hakuna. Ya pili, wana mzee, lakini ni wa mguu. Ya tatu ilikuwa kilomita arobaini mbele, mji mwingine. Alipokea nesi wa wodi ya wanaume, mwenye sauti ya mtu aliyekatizwa katikati ya kazi.

"Kiwiko?" alisema nesi. "Ngoja. Tunaye mmoja hana jina. Aliletwa na dereva wa lori la kokoto, alimkuta ameanguka kando ya barabara. Kisha akashikwa na homa ya mapafu, hali mbaya kweli. Tulitaka kumnyoosha mkono tumtundikie dripu, mkono ukakataa. Tukampiga picha tukidhani umevunjika, tukakuta chuma na skrubu mbili. Za zamani sana, daktari wetu hajawahi kuona aina ile."

"Aliletwa lini?"

"Jumanne ya juma lililopita. Saa nne asubuhi."

Taratibu alifumba macho. "Mbona hamkutupigia?"

"Tulipiga, afande. Siku ya tatu. Tukaambiwa wenu alionekana saa kumi na moja jioni. Wetu saa hiyo alikuwa kitandani. Tukasema basi, wazee wako wengi."

"Ana masharubu?"

"Alikuwa nayo. Tulimnyoa kwa sababu ya bomba la hewa."

"Anazungumza?"

"Ameanza jana. Ananiita refa. Nikichelewa na sindano ananiambia napoteza muda."

Ilikuwa saa tisa na robo. Taratibu alitembea hadi ofisi ya Mkuu, na wale waliokuwa koridoni walisimulia baadaye kwamba siku hiyo alikimbia. Yeye alikana.

"Usimkamate mkwe," alisema. "Nipe gari, na yeye nipe pamoja na mkewe."

"Una uhakika?"

"Nina kiwiko."

Mkuu alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akanyanyuka. "Nikitangaza sasa hivi, wale watu watatawanyika dukani kwake."

"Akiwa siye je? Binti yake amwone kwanza. Baada ya hapo tangaza hata kwa ngoma."

Mkuu aliwaza, akavaa kofia yake. Alikwenda mwenyewe kwenye duka la dawa, bila king'ora, akasimama mbele ya mlango uliozibwa kwa mbao, uso kwa uso na umati wenye simu zilizoinuliwa. Alisimama pale nusu saa akijibu maswali yasiyo na majibu, huku mfamasia akitolewa kwa mlango wa nyuma. Jicho la Tai aliirusha moja kwa moja. Alisema polisi wanamlinda muuaji, na safari hii nusu yake ilikuwa kweli: walikuwa wanamlinda mtu.

Kabla ya kuingia garini, Taratibu alipita kwenye benchi la mapokezi. Fundi alikuwa anamshonea askari wa zamu kifungo cha shati.

"Mama, huenda tumempata. Yu hai. Nikishahakikisha nitawaambia waandishi ni nani aliyetufungua macho."

"Usinitaje," alisema fundi haraka. "Wateja watajaa maswali, nami nina nguo za harusi." Akakata uzi kwa meno. "Koti limepatikana?"

"Limepatikana. Limeingia rangi begani."

"Basi nipeni nilisafishe kabla hajaliona. Atahuzunika."

"Ni kielelezo, mama. Likimaliza kazi ya faili, nitalileta kwako kwa mkono wangu."

Njiani binti alikuwa amekaa nyuma, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Mfamasia alikuwa karibu naye, shati limemlegea shingoni, macho mekundu. Siku nne alikuwa amelala sakafuni mwa duka lake, nyuma ya kaunta, kwa kuogopa kuwapeleka watu nyumbani kwa mkewe. Hakuwa amelalamika hata mara moja katika mahojiano yote matano. Kila mara alijibu alichoulizwa, kisha akauliza kama kuna habari za mzee.

Walifika jua likiwa bado halijazama. Nesi, mfupi, mwenye hatua za haraka, aliwapitisha katikati ya vitanda viwili viwili hadi dirishani. Taratibu alibaki nyuma hatua tatu, daftari mkononi.

Mzee kitandani alikuwa mdogo kuliko picha zake zote. Bila masharubu alikuwa na mdomo wa mtu mwingine. Taratibu alifahamu kwa nini hata waliombadilishia shuka kila siku hawakumtambua. Binti alisimama, akatazama, akaweka kiganja mdomoni.

"Ni yeye," alisema. "Ni baba."

Ukuta alifungua macho. Alimtazama binti yake kwa muda mrefu, kwa adabu, kama mtu anayetafuta jina la mgeni aliyewahi kumpokea. Binti alipiga magoti, akaishika mikono yake yote miwili.

Kisha macho ya mzee yalihama, yakampita nesi, yakampita inspekta, yakatua kwa mfamasia aliyejibanza ukutani. Uso wote ulifunguka.

"Mkwe!" alisema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, lakini ilifika wodi nzima. "Njoo huku, mkwe. Mbona umekonda hivyo? Kuna nini?"

Mfamasia alivua miwani. Aliifuta kwa pindo la shati, akaivaa, ikawa bado haifai, akaivua tena. Alisogea hadi kando ya kitanda.

"Hakuna kitu, baba," alisema. "Kazi zilikuwa nyingi tu."

"Zipunguze," alisema Ukuta, akajisogeza kwa taabu kumpisha akae. "Kaa. Umeshakula?"